Simuleta ya ndege za rimoti: wapi inakwambia ukweli na wapi inakudanganya

Ndege yangu ya kwanza ilikaa hewani sekunde tisa hivi. Nimeisubiri wiki tano ifike, nimeiunga usiku kucha kwa gundi, asubuhi ya Jumapili nikaenda nayo uwanja wa shule ya msingi hapa jirani Arusha, nikairusha kwa mkono, ikapanda vizuri tu, nikakata kona, ikageuka ikaanza kurudi kwangu na hapo ndo mambo yakaharibika: mimi nasukuma stiki kulia yenyewe inaenda kushoto, naongeza kulia nayo inaongeza kushoto, mpaka ikaukuta mlingoti wa goli. Watoto walikuwa wameshajaa (sijui huwa wanatokea wapi) wakapiga makofi, yaani walidhani ndo shoo yenyewe.

Jamaa mmoja akaniambia si ungeanza na simuleta kwanza, yaani programu ya kompyuta ya kurushia ndege kwenye skrini. Nikaanza nayo, nikaikesha, afu nikagundua watu wengi wanaizungumzia vibaya pande zote mbili, kuna wanaosema ukijua simuleta umejua kurusha na kuna wanaosema ile ni gemu tu ya watoto. Ukweli ni kwamba kuna mambo inakufundisha kwa haki kabisa na kuna mengine inakudanganya mchana kweupe, na usipojua lipi ni lipi utaumia mfukoni. Halafu tuelewane kwenye jina, wazungu wanakata wanaiita "sim", mimi nilijaribu kuiita hivyo nyumbani wakadhani naongelea simu, kwaiyo hapa itakuwa simuleta mpaka mwisho.

Tuanze na pale inaposema kweli, yaani mikono. Ukiwa dereva umekaa ndani ya gari, kulia kwako na kulia kwa gari ni kitu kimoja. Ndege ya rimoti wewe uko chini umesimama, yenyewe iko kule, ikikupa mgongo sawa mnaelewana, ikikugeukia inakuwa kama mtu mmetazamana, kulia kwake ni kushoto kwako. Hili kichwani unalielewa ndani ya dakika moja, shida ni kwamba kidole gumba hakina kichwa, chenyewe kinataka kurudiarudia mara mia tano ndo kielewe. Ujanja wanaofundishana marubani wa modeli ni huu: ndege ikiwa inakuja kwako usiwaze kulia wala kushoto, angalia bawa lipi limelala chini, afu sukuma stiki upande huohuo unaouona, kama vile unaliwekea gogo la kulitegemeza lisidondoke. Ikiwa inaenda mbali na wewe ni kinyume chake, kama kawaida. Sasa hebu fikiria unajifunza hili kwa ndege ya kweli, betri moja inakupa kama dakika nane hewani, kuchaji ni karibu saa zima, kila ukikosea ni gundi na siku mbili za kusubiri. Kwenye simuleta unakosea, unabonyeza kitufe, ndege inafufuka, unakosea tena. Ndani ya nusu saa umeshapata "ndege inakuja kwangu" nyingi kuliko mtu aliyeenda uwanjani mwezi mzima. Kwa hili peke yake simuleta imeshalipa gharama yake.

Ila sharti lake ni moja, utumie rimoti ya kweli au kitu chenye umbo na stiki za rimoti ya kweli. Kibodi ni hasara tupu maana kitufe cha kibodi ni ndiyo au hapana, wakati stiki ina nusu, robo, na ule mguso mdogo wa kuihisi tu. Pedi ya gemu ni afadhali kidogo, ila vistiki vyake ni vifupi na vyote vinajirudisha katikati, wakati stiki ya mafuta kwenye rimoti ya ndege inabaki pale ulipoiacha (nasema mafuta japo mota ni ya betri, tumezoea tu). Na hapa usifanye kosa la kujifunza mpangilio mmoja afu ununue rimoti ya mpangilio mwingine. Kuna ule wanaouita modi 2, mafuta na usukani wa mkia viko mkono wa kushoto, kulia una eleveta (kibao cha mkiani kinachopandisha na kushusha pua) na eleroni (vibao vya kwenye mabawa vinavyoilaza ndege upande), ndo umeenea Marekani na sehemu nyingi. Na kuna modi 1, mafuta yako kulia na eleveta kushoto, wenyewe Wajapani wameuzoea sana. Hakuna ulio bora, ila mikono ikishazoea mmoja kuibadilisha ni kama kumwambia mtu wa mkono wa kulia aanze leo kuandika kwa kushoto.

Kuunganisha rimoti na kompyuta ndo sehemu inayowakatisha tamaa wengi na kumbe ni rahisi ukijua kinachopita kwenye ule waya. Rimoti nyingi za ndege zina tundu la nyuma ambalo lilitengenezwa ili rimoti ya mwalimu iunganishwe na ya mwanafunzi. Kwenye tundu hilo inatoka ishara moja tu, mlolongo wa mapigo ya umeme, kila chaneli (yaani kila mwelekeo wa stiki) ina pigo lake, nafasi kati ya pigo na pigo ikiwa milisekunde 1 ujue stiki iko mwisho upande huu, ikiwa 2 iko mwisho upande ule, 1.5 ni katikati, na mlolongo mzima unarudiwa kila baada ya milisekunde 20 na ushee. Basi. Na kwa sababu ni mapigo tu ya umeme mdogo, watu wajanja wakagundua unaweza kuyaingiza kwenye tundu la maikrofoni la kompyuta kama vile ni sauti, na kuna programu ya bure inaitwa SmartPropoPlus ambayo kazi yake ni kusikiliza hayo mapigo na kuiambia Windows kuwa hapa kuna stiki ya gemu. Nilianza hivyo kwa waya niliojiungia mwenyewe, ilifanya kazi lakini ukigusa waya ndege inatetemeka kama ina malaria. Siku hizi rimoti za bei ndogo kama FlySky FS-i6 unazipatia waya wa USB wenye kidude cha kutafsiri mapigo, na zile zinazotumia EdgeTX (programu ya ndani ya rimoti yenyewe) unachomeka USB moja kwa moja, zenyewe zinauliza uwe joystiki au kumbukumbu, unachagua joystiki, mchezo umeisha.

Ukishachomeka kuna mambo mawili ya kuangalia. La kwanza ni kukalibreti, zungusha stiki zote mpaka mwisho kwenye kona zote ili programu ijue mwisho ni wapi, na hakikisha trimu za rimoti (vile vitufe vidogo vya kurekebisha katikati ya stiki) ziko katikati kabla hujaanza, nimeona mtu analalamika wiki nzima kuwa programu mbovu ndege inavuta kushoto kumbe trimu yake ndo iko kushoto. La pili ni ekspo, ile setingi ya kufanya stiki iwe laini karibu na katikati. Ukiiweka kwenye rimoti na kwenye programu pia zinajumlishana, unakuta katikati stiki imekufa kabisa afu ukisogeza kidogo zaidi inaruka. Weka sehemu moja.

Kuna suala la kuchelewa pia. Mapigo ya rimoti yanakula milisekunde 20, USB inaongeza zake, skrini ya kawaida inachora picha mara 60 kwa sekunde, yaani kila milisekunde 17 hivi, na ukitumia tivii ya sebuleni bila kuiweka kwenye hali ya gemu inaongeza nyingine nyingi. Tuseme jumla imefika 60. Ndege ikienda mita 15 kwa sekunde hiyo ni karibu mita nzima imeshasogea kabla hujaona ulichokifanya. Juu angani hutajali, ila karibu na ardhi mita moja ndo tofauti ya kutua na kuchimba.

Sasa twende ndani ya programu yenyewe, maana hapa ndo ukweli na uongo vinachanganyikana. Simuleta haijui kurusha ndege, inajua hesabu. Mara mia kadhaa kwa sekunde inachukua spidi ya ndege, imeelekea wapi, hewa inaipiga kwa pembe gani, stiki zako ziko wapi, inapiga hesabu ya nguvu inayonyanyua bawa, inayovuta nyuma, inayozungusha, inaisogeza ndege kipande kidogo, inaanza upya. Nguvu ya kunyanyua inategemea uzito wa hewa, ukubwa wa bawa, pembe, na spidi mara spidi, yaani ukiongeza spidi mara mbili nguvu inakuwa mara nne na ukiipunguza nusu inabaki robo, ndo maana ndege inayoenda polepole inakuwa nzito ghafla hivyo. Kuna programu zinazochukulia ndege nzima kama kitu kimoja chenye orodha ya namba, na kuna zinazolikata bawa vipande vipande na kupiga hesabu ya kila kipande peke yake. Hizi za pili ndo zinaweza kukuonyesha bawa moja limeishiwa nguvu wakati lingine bado lina nguvu, ndege ikapiga pindu.

Kuishiwa nguvu huko ndo stoli, na wageni wengi wanadhani ni mota kuzima. Hapana, mota inaweza kuwa inanguruma kabisa. Bawa likiinuliwa pembe kubwa mno dhidi ya hewa, kwenye nyuzi 15 hivi kwa mabawa mengi, hewa inashindwa kulifuata umbo la juu la bawa, inajitenga, na nguvu inakatika. Kuijaribu simuleta yako kama inasema kweli hapa ni rahisi, panda juu, zima mota, vuta eleveta taratibu bila kuacha, angalia kinachotokea. Ikikaa tu pale juu pua imeinuka inashuka kama lifti ya hoteli hata ukiivuta mpaka mwisho, hiyo programu au hiyo ndege uliyoichagua ni ya kukubembeleza. Ikiangusha pua au bawa moja likazama, angalau kuna hesabu inafanyika. Ila kumbuka baada ya hewa kujitenga hata wataalamu wa ndege kubwa hesabu zinawatoa jasho, kwaiyo zile sarakasi za kuzunguka hewani kwenye simuleta zichukulie kama mchoro sio picha.

Na hapa kwetu kuna jambo ambalo Mmarekani wa pwani halimsumbui. Arusha tuko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kwa asilimia 13 hivi kuliko Dar, ukiwa Nairobi zaidi ya hapo, na jua la mchana linaipunguza tena. Maana yake ndege ileile inahitaji spidi kubwa zaidi kama asilimia 7 ili isistoli, na propela nayo inashika hewa kidogo. Shemeji yangu aliileta ndege yake kutoka Dar, kule Kigamboni anaitua kama manyoya, hapa mara tatu mfululizo ilidondoka mita mbili kabla ya kugusa nyasi, akasema uwanja una majini. Ukiona programu yako ina sehemu ya kuweka mwinuko au uzito wa hewa, iweke ya kwako, isipokuwepo basi ongeza uzito wa ndege kwenye setingi kwa asilimia 15 hivi, haifanani kabisa ila spidi ya kustoli itakaribia ya huku.

Kitu kingine ambacho simuleta inakifundisha vizuri kuliko mwalimu yeyote ni upepo, na watu hawakitumii, wanarusha upepo sifuri miezi mitatu afu wanashangaa uwanjani. Chukulia ndege yako inakata hewa kwa mita 10 kwa sekunde na upepo unavuma mita 4. Ikienda na upepo wewe uliyesimama chini unaiona inaenda 14, ikirudi dhidi ya upepo unaiona 6. Sasa jicho likiona 14 linashtuka, mkono unapunguza mafuta, kumbe kwa hewa ndege bado ilikuwa na 10 zake tu, ukipunguza inashuka 8, inafika 7, stoli hiyo, na watu wanasema "upepo wa nyuma umeiangusha." Upepo haujaiangusha, umeiangusha wewe. Ni kama mtumbwi mtoni, unapiga kasia kwa nguvu ileile, mkondo ukikuchukua unaona miti ya ukingoni inakimbia, lakini maji yaliyo chini ya mtumbwi hayana habari na miti. Weka upepo wa mita 4, piga duara, usiguse mafuta kabisa, na ujilazimishe kuangalia pua ya ndege imekaaje badala ya kuangalia nyasi zinavyokimbia. Siku tatu hivi jicho linaacha utoto.

Haya, macho. Hapa ndo kwenye uongo mkubwa na wengi hawaambiwi. Skrini yenye upana wa sentimita 50, umekaa sentimita 60 kutoka hapo, inajaza nyuzi 45 tu za macho yako. Uwanjani unaona dunia nzima na shingo inageuka. Kwaiyo programu, ili ikuonyeshe uwanja wa kutosha, inabana picha ya nyuzi 90 kwenye hizo 45. Piga hesabu: ndege yenye mabawa ya mita 1.2 ikiwa mita 100 kutoka kwako, kwenye skrini ya nukta 1920, picha ya nyuzi 45 inaipa nukta kama 28 kutoka ncha hadi ncha, ya nyuzi 90 inaipa 12 tu. Nukta 12! Utajuaje imekupa tumbo au mgongo? Ndo maana mtu anasema simuleta ni ngumu kuliko ndege ya kweli, na kwa hili anasema kweli. Watengenezaji wakaweka zuumu ya kujiendesha, ndege ikienda mbali picha inaivuta karibu, sawa unaiona vizuri lakini sasa umenyang'anywa kipimo cha umbali, maana uwanjani ndege ikiwa ndogo ndo unajua iko mbali. Mimi naona bora uzime hiyo zuumu, upunguze nyuzi za picha ili ndege ikaribie ukubwa wa kweli, na urushe karibu karibu, usiende mbali. Kuna programu zenye chaguo la kuiacha ardhi ionekane muda wote, ukilikuta liwashe.

Kuhusu programu ipi, sitaki kubishana sana. RealFlight ipo tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, sasa hivi inauzwa Steam (duka la gemu la mtandaoni), ndo yenye ndege nyingi na hata wanaotengeneza droni za kujiongoza wanaunganisha ArduPilot (programu ya kuongozea droni) nayo ili kujaribu akili ya ndege kabla ya kuipeleka angani. aerofly RC ya Wajerumani ina mandhari mazuri sana kama kompyuta yako ina misuli. Kama huna hela, CRRCSim ni ya bure na inaenda hata kwenye laptopu ya zamani, jina lake linatokana na klabu ya Charles River Radio Controllers ya Massachusetts, picha zake ni za kizamani lakini hesabu zake zimetokana na LaRCsim, programu ya kituo cha NASA cha Langley, usiidharau. PicaSim nayo ya bure, tamu kwa ndege zisizo na mota zinazopanda kwa upepo wa mteremko. Kompyuta ikianza kukwama picha punguza miti na vivuli, usipunguze kingine, maana picha inayokatika inaharibu mikono kuliko picha mbaya.

Mazoezi yenyewe usiyafanye mchezo wa sarakasi. Dakika 20 kwa siku zinatosha, ukipitiliza mkono unachoka unaanza kujifunza makosa. Piga namba nane mbele yako, maana inakulazimisha kona za pande zote na kila mzunguko ndege inakujia, kaa urefu uleule, usipande wala kushuka. Ukiweza, zima mota popote pale ghafla na utue. Na hili la mwisho ni gumu kuliko yote, kitufe cha kufufua kiogope, jiwekee sheria kwamba ukianguka unasimama, unatembea jikoni, unakunywa maji, unarudi. Bila hivyo ubongo unazoea kuwa kuanguka ni bure, na siku ya kweli mkono unajaribu vitu ambavyo mwenye ndege hawezi kujaribu.

Vitu ambavyo hutavipata humo kabisa ni hivi vya kuchosha: kuhakikisha ndege inabalansi pale inapotakiwa, kusukuma stiki kulia kabla ya kurusha na kuona kama eleroni ya kulia kweli inapanda juu, betri kujaa, propela ambayo haina utani na vidole, jua kukupiga usoni, na ruhusa, maana Tanzania kuna TCAA na Kenya kuna KCAA, ndo mamlaka za usafiri wa anga, na wana taratibu zao za vitu vinavyoruka, uliza kabla sio baada. Na magoti kutetemeka. Hakuna programu inayotetemesha magoti.

Mimi baada ya wiki sita za simuleta nilirudi uwanjani na ndege ileile iliyojaa gundi. Mikono ilikuwa mingine kabisa, ndege ilikuja kwangu mara kumi na zaidi na sikuwaza hata mara moja kulia ni wapi. Dakika nne safi. Nikaamua kutua, nikaipanga na uwanja, nikakata mafuta, kwa macho yangu iko juu ya nyasi kabisa, kumbe iko mita thelathini nyuma ya uwanja na inashukia kwenye mahindi ya mtu. Kwenye simuleta yangu hakukuwa na mahindi. Nikazunguka mbio nikamkuta mama mwenye shamba ameshaishika kwa bawa kama anavyoshikwa kuku.

"Shikamoo mama, samahani sana, ni ya kwangu hiyo."

"Marahaba. Imeniangushia mabua matatu. Na wewe mkubwa hivi."

Nikamlipa elfu mbili, akanirudishia ndege, ilikuwa nzima.